Wakala wa utalii Mumbai alituuzia safari ya Elephanta siku ya Jumatatu, siku ambayo mapango hufungwa

Ndugu zangu, naandika nikiwa bado na hasira, kwa sababu najua wapo wengi miongoni mwenu wanaowapeleka wazazi wao India kutibiwa na ambao, daktari akisharuhusu mgonjwa, hutafuta siku moja ya kuuona mji kabla ya kupanda ndege. Mwezi uliopita nilikuwa Mumbai na mama yangu. Matibabu yalikwenda vizuri na hospitali sina neno nayo. Neno ninalo na wakala aliyetufuata kwenye nyumba ya wageni, akajitambulisha kuwa mzoefu wa wageni wa Afrika Mashariki, kisha akatutoza rupia 9,000 kwa watu wawili: Gateway of India, boti ya kwenda mapango ya Elephanta pamoja na viingilio, kaburi la Haji Ali, kituo cha treni cha zamani na chakula cha mchana.

Mimi niliomba Jumapili. Yeye ndiye aliyenishawishi twende Jumatatu, akidai kwamba Jumapili boti hujaa watu na mama angechoka kusimama kwenye foleni. Nilimshukuru kwa kumjali mama.

Tulifika saa nne asubuhi kwenye lango lile kubwa la mawe, lililokamilika mwaka 1924 kwa kumbukumbu ya kutua kwa Mfalme George wa Tano mwaka 1911, na hapo muuza tiketi za boti akatuambia kwamba mapango hufungwa kila Jumatatu. Kila Jumatatu, wala haikuwa dharura wala sikukuu! Mtu anayekula kwa kuwapeleka wageni huko hawezi kuniambia kwamba hakulijua jambo hilo. Usiku wake nilikuwa nimemsimulia mama habari za sanamu ya Shiva yenye nyuso tatu, iliyochongwa kwenye mwamba na yenye kimo cha karibu mita 6, naye akalala akiisubiri.

Nilipompigia simu, wakala alijibu kwamba dereva angetupeleka mahali pazuri zaidi. Mahali penyewe palikuwa duka la mazulia na vito, ambako tulikaa saa moja na nusu huku mama, aliyetoka hospitali juzi tu, akitandaziwa shali moja baada ya nyingine. Dereva simlaumu, alikiri kwa aibu kwamba alikuwa ameagizwa.

Lililoniuma zaidi ni Haji Ali. Kaburi na msikiti wake vipo kwenye kisiwa kidogo, na njia ya kwendea kwa miguu hufunikwa na bahari maji yanapojaa. Tulifika saa saba kasoro robo, siku ya bamvua, njia yote ikiwa imezama. Mama amezaliwa Pangani, hahitaji kufundishwa bahari; alitazama mara moja akasema, "Mwanangu, haya hayajaanza hata kupwa." Alitaka kusoma Fatiha pale na kumshukuru Mungu kwa kupona. Saa za kujaa na kupwa hujulikana siku nyingi kabla, na kama tungefika saa kumi alasiri angepita, lakini wakala alikataa katakata tusisubiri kwa kuwa gari lilitakiwa saa tisa. Kituo cha treni, ambacho UNESCO ilikiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2004, tulikiona kupitia dirisha la gari linalotembea.

Nilidai fedha zangu, akajibu kwamba siku imeshatumika na kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Kiingilio cha Elephanta kwa mgeni ni rupia 600 kwa kila mtu. Rupia 1,200 hizo hazikulipwa popote, wala nauli ya boti, na zimo mfukoni mwake. Nataka azirudishe, pamoja na sehemu ya Haji Ali. Risiti ninayo, na ujumbe wake wa kunishawishi niache Jumapili nimeuhifadhi. Yeyote aliyeuziwa Jumatatu kama mimi, naomba aandike hapa chini siku aliyokwenda na kiasi alicholipa, ili madai tuyapeleke kwa pamoja.