Mashimo meusi ya awali kama maada ya giza: ni tungamo lipi bado halijakataliwa?

AngaSouthB anauliza:
Wadau, kikundi chetu cha astronomia hapa Nairobi kinaandaa mjadala na hoja moja inatukwamisha. Septemba 2015 LIGO, kituo cha Marekani cha kupima mawimbi ya mvutano, ilinasa mawimbi ya mvutano kutoka kwa mashimo meusi mawili yaliyogongana, kila moja likiwa na tungamo la Majua 30 hivi. Mwaka uliofuata wanafizikia wengine wakauliza iwapo hayo ndiyo maada ya giza, ile isiyoonekana inayojulikana kwa mvutano wake tu. Hoja hiyo bado ina uhai? Na mbona yawe ya awali, yaani yaliyoundwa ulimwengu ukiwa mchanga kabisa, si mabaki ya nyota?

Mkokotozi_Chiromo:
La pili ni jepesi. Deuteri (hidrojeni nzito) na heli zilizoundwa dakika chache baada ya Mlipuko Mkuu, pamoja na mnururisho wa kale (masalia ya mwanga wa Mlipuko Mkuu) uliopimwa na setilaiti ya Planck, zinaonyesha kuwa maada ya kawaida ni karibu moja ya sita tu ya maada yote. Mabaki ya nyota yanatoka kwenye fungu hilo hilo, hayawezi kulizidi. Shimo la awali liliporomoka kabla ya deuteri kuwepo, kwa hiyo halimo kwenye hesabu hiyo.

Majua 30 yamebanwa vibaya. Kama maada yote ya giza ingekuwa hayo, LIGO ingenasa migongano mingi mno kuliko inayonasa, na gesi inayomezwa ingeacha alama kwenye mnururisho wa kale. Chini kidogo, OGLE, mradi unaotafuta nyota zinazokuzwa mwanga na vitu vinavyopita mbele yake, walitoa matokeo ya miaka 20 mnamo 2024: kati ya Majua 0.00018 na 6.3, mashimo hayazidi asilimia 1 ya maada ya giza.

Upande mwepesi kuna mnururisho wa Hawking: shimo dogo hutoa mnururisho na kupungua hadi liishe. Shimo lenye chini ya kilo bilioni 500 hivi limeshayeyuka, na yanayozidi hapo, hadi karibu kilo 10¹⁴, yangemwaga miali ya gama kupita inayoonekana. Kilichobaki ni takriban kilo 10¹⁴ hadi 10¹⁹, tungamo la asteroidi. Hapo yanaweza kuwa maada yote ya giza, na hilo si jambo dogo.

Lenzi_Rongai:
Niongeze kwa nini dirisha hilo la matungamo liko wazi, maana wengi hudhani limethibitishwa. Limebaki kwa sababu mbinu yetu inafeli hapo.

Shimo likipita mbele ya nyota, mvutano wake hukuza mwanga kwa muda. Muda huo hufuata kipeuo cha pili cha tungamo: tungamo likipungua mara 100, muda hupungua mara 10. Shimo la Jua moja likipita mbele ya nyota za Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani, huchukua miezi. Tungamo la Mwezi, dakika kadhaa. (Wingu lenyewe mnaweza kuwaonyesha wanachama Januari, saa nne hadi saa sita usiku, nyuzi 20 hivi juu ya upeo wa kusini. Tokeni nje ya taa za jiji, upande wa Magadi.) Kwa kuwa muda huo ni dakika tu, darubini ya Subaru, Novemba 2014, iliipiga galaksi ya Andromeda picha kila baada ya dakika 2 kwa saa 7 usiku mmoja.

Ukishuka zaidi, mambo mawili huharibika. Nyota ya nyuma huwa pana kuliko eneo la kukuza, hivyo sehemu ndogo tu ya mwanga wake huongezeka. Pia shimo la kilo 10¹⁹ lina nusukipenyo cha nanomita 15, ilhali mwanga wa kawaida una urefu wa mawimbi wa nanomita 600: mawimbi hulizunguka badala ya kukusanywa.

Kwa kipimo cha mtaani kwetu kwenye galaksi: yakiwa ya kilo 10¹⁷ kila moja, ndani ya mzunguko wa Neptuni kungekuwa na mawili matatu wakati wowote, kila moja likitoshana na atomu.

AngaSouthB:
Asanteni sana. Je, tukiyatawanya kwenye matungamo mengi, kila fungu likae chini ya kikomo chake, si tunapenya?

Mkokotozi_Chiromo:
Hapana. Chati za vikomo hivyo huchorwa kana kwamba mashimo yote yana tungamo moja. Ukiyatawanya, gawanya kila fungu kwa kikomo chake kisha ujumlishe. Jumla isizidi 1. Ukiweka nusu asilimia penye kikomo cha asilimia 1, umeshatumia nusu ya nafasi yote kwa mabaki kiduchu, na asilimia 99.5 bado inatafuta pa kukaa.