Mrejesho: kuuza gemu nilizokwisha kucheza

Niliuliza kama naruhusiwa kuuza gemu zangu, za diski na za kupakua. Asanteni kwa majibu, nimefuatilia.

Diski zimeuzika bila shida. Angalizo moja tu: kama ndani ya kasha kulikuwa na namba ya kufungulia sehemu za ziada na umeshaitumia, mnunuzi hataipata sehemu hiyo. Mwambie kabla hajalipa.

Za kupakua ndizo zenye utata. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya kampuni za programu UsedSoft na Oracle, iliruhusu kuuza tena programu iliyopakuliwa kwa leseni (ruhusa ya kutumia) isiyo na kikomo cha muda, mradi muuzaji afute nakala yake. Nilipoisoma nilipata matumaini makubwa. Lakini huko Ufaransa chama cha watumiaji, UFC-Que Choisir, kiliishinda Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam, katika kesi ya kuuza tena gemu za kupakua mwaka 2019, kikashindwa kwenye rufaa mwaka 2022. Mahakama hiyo ya rufaa ilisema gemu si programu tupu, kwa kuwa ina muziki, michoro na hadithi, kwa hiyo uamuzi wa UsedSoft hauihusu.

Kwangu huo si uungwana. Kitufe kinasema "nunua", bei ni kamili, halafu unaambiwa umepewa leseni tu! California angalau, tangu 2025, inawataka wauzaji waliseme hilo waziwazi.

Duka nililopakulia limekataa kuzihamishia kwa mtu mwingine. Akaunti yenyewe siiuzi, masharti yao yanawaruhusu kuifunga.