Kitanda cha Bibi: gumzo la kikundi cha ukoo

Mwajuma: Shikamooni wakubwa. Mchango wa kitanda cha Bibi umetimia. Baba Mkubwa anapendekeza sita kwa sita na godoro la inchi 10. Chumba ni futi 9 kwa 10 na kabati limo humohumo. Ba'mdogo Hamisi na Dada Zai, semeni kabla hela haijatoka.

Ba'mdogo Hamisi: Marahaba. Sita kwa sita ukishaweka mifumbati, yaani mbao ndefu za ubavuni, na ubao wa kichwani inafika futi 6 na nusu kwa nje. Ukitoa na nafasi ya kabati, Bibi atapita ubavuubavu na mkongojo wake. Nne kwa sita inamtosha.

Baba Mkubwa: Nne kwa sita kitanda cha bweni hicho! Mgeni akija?

Mama Salma: Kaka, mgeni wa kulala na Bibi ni nani? 😂

Baba Mkubwa: Haya. Lakini mbao iwe mninga.

Ba'mdogo Hamisi: Mninga sawa, haupindi ovyo na kiini chake hakiliwi na wadudu. Mkongo pia mzuri ila mzito, kukisogeza ili ufagie ni kazi. Mtiki wa shamba la miti la Longuza uko karibu na hapo Tanga, ila wa miti michanga una sehemu nyeupe nyingi. Hiyo nyeupe ndiyo bungua wanakotoboa, iwe mtiki au mninga. Ukiona rangi mbili kwenye mbao moja, mwambie fundi aikate ile nyeupe, hata kama atapiga vanishi juu yake. Hasa akipiga vanishi ya giza, hapo ndipo panapofichwa mambo.

Yusufu: Paina je? Bei yake ni nafuu mno.

Ba'mdogo Hamisi: Kwa chaga, zile mbao za kukatiza chini ya godoro, inafaa, iwe kavu na imetiwa dawa. Matendegu, yaani miguu, na mifumbati, hapana. Na mbao yoyote ikiwa mbichi inasinyaa ikishakuwa kitanda. Ulimi wa kiungo, ile ncha ya mbao inayoingia kwenye mbao nyingine, unalegea kwenye tundu lake, na hapo ndipo kelele zinapoanza. Watu hulaumu misumari.

Dada Zai: Kabla hamjaenda mbali, ulizeni chaga ngapi. Magodoro mengi yanayorudishwa dukani "yamebonyea" hayana kosa, yamelazwa juu ya chaga 7 au 8.

Ba'mdogo Hamisi: Kweli kabisa. Piga hesabu: urefu inchi 72, chaga za inchi 3 zikiwa 8, mwanya ni karibu inchi 7. Sponji inazama humo kila usiku. Tunataka chaga 13, mwanya hauzidi inchi 3. Chini yake katikati upite mti wa inchi 2 kwa 3 toka kichwani hadi miguuni, una mguu wake unaogusa sakafu. Chaga zikae kwenye mbao ya 2 kwa 2 iliyofungwa kwa gundi na skrubu ndani ya mfumbati, kila inchi 8 skrubu moja. Misumari ikipigwa hapo, mwaka haupiti chaga zinacheza.

Yusufu: Si tuweke plaiwudi nzima tu, yaishe?

Dada Zai: Kwa joto la Tanga? Jasho linashuka kwenye godoro, likifika chini halina pa kutokea. Utaliinua ukute ukungu mweusi. Mwanya ni wa hewa pia. Na ile nailoni ya dukani itolewe siku ileile, watu wanaiacha eti godoro lisichafuke. Anunuliwe kava la zipu lisilopitisha maji, juu yake shuka.

Mwajuma: Na godoro lenyewe? Inchi 10 au 8?

Dada Zai: Inchi hazisemi ubora. Kinachosema ni densiti, yaani kilo za sponji katika mita moja ya ujazo. Inchi 10 ya densiti 16 itabonyea mapema, inchi 8 ya 25 au 28 itamvusha miaka. Muuzaji akikwambia "hevi", omba mzani. Nne kwa sita kwa inchi 8 ni mita za ujazo 0.45. Densiti 25 inatoa kilo 11 na kidogo, densiti 16 kilo 7 tu. Kitambaa kinaongeza kidogo juu ya hapo.

Baba Mkubwa: Kwa hiyo zito ndilo zuri.

Dada Zai: Si kila zito, Baba Mkubwa. Kuna sponji inayochanganywa na unga wa chokaa kiwandani ili ipate kilo. Ukiibonyeza kwa ngumi inarudi kivivu, na ukifungua zipu unakuta vumbivumbi. Kuna na ile ya vipande vya rangirangi vilivyogandishwa kwa gundi, nzito kweli na haibonyei, ila ni ngumu. Peke yake haimfai mwenye mifupa inayouma. Lifungulieni zipu hapohapo dukani. Lisilo na zipu, liulizieni alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na densiti iandikwe kwenye risiti.

Mama Salma: Si wazee wanaambiwa walalie godoro gumu kwa ajili ya mgongo?

Shemeji Neema: Wifi, hilo limeshapimwa. Utafiti wa Hispania uliotoka kwenye The Lancet mwaka 2003 uliwafuata watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno kwa siku 90. Waliolalia godoro la ugumu wa wastani walipata nafuu kuliko wa godoro gumu. Gumu mno linasukuma bega na nyonga, Bibi analala ubavu. Laini mno kiuno kinazama na kugeuka kunamshinda. Akalijaribu mwenyewe, alale ubavu dakika 10. Akilala chali, kiganja kipenye chini ya kiuno kwa kubana kidogo. Kikipita bure ni gumu, kisipopita kabisa ni laini.

Dada Zai: Na ugumu usiuchanganye na densiti. Sponji ya densiti 28 inaweza kuwa laini, ya 18 ikawa ngumu mwezi wa kwanza kisha ikafa.

Yusufu: Springi je?

Dada Zai: Zile zilizofungwa moja moja kwenye mfuko ni nzuri, ila bei juu, na halikunjiki kupita kile kikorido chake. Sponji.

Shemeji Neema: Mimi hofu yangu ni kimo. Akikaa ukingoni nyayo zitulie sakafuni, magoti yasipande juu ya nyonga wala miguu isining'inie. Wazee wengi wanaangukia hapo, wakiamka usiku.

Ba'mdogo Hamisi: Nipimiwe toka sakafuni hadi nyuma ya goti. Tuseme ni inchi 17. Godoro la 8 akilikalia linashuka kama inchi 1, kwa hiyo uso wa chaga nauweka inchi 10. Mfumbati uinuke inchi 2 tu juu ya chaga, ukizidi unamkata mapaja na chandarua hakichomekeki. Nafasi ya ndani iwe inchi 49 kwa 73, hiyo inchi moja ni ya shuka. Mafundi wengi hupima nje, godoro likija linakaa limejikunja pembeni.

Mwajuma: Sawa Ba'mdogo. Kesho napita kwake na futi.

Ba'mdogo Hamisi: Mkalishe kwenye kiti kigumu, si kochi. Na avae zile ndala anazoamkia usiku.