Mrejesho: meneja wa 140,000 aliyefutwa kazi

Asalaam aleikum jamani. Wiki tatu nyuma niliuliza kama mimi, meneja niliyekuwa nalipwa shilingi 140,000 kwa mwezi na kufutwa kwa barua ya mistari miwili, naweza kushtaki. Binamu yangu aliyeko Australia ndiye aliyenitia hofu: kwao mshahara ukipita kiwango fulani, na huna makubaliano ya pamoja wala masharti rasmi ya kazi ya sekta yako (wao huyaita "award") ya kukukinga, huwezi kudai umefutwa isivyo haki. Hakudanganya, ila hiyo ni ya kwao.

Nimemwona wakili hapa mjini. Sheria yetu ya Ajira hapa Kenya, ya 2007, haimtupi mtu nje kwa sababu ya mshahara. Kinachobadilika ni mlango tu: hadi 80,000 waenda kwa hakimu, ukizidi hapo ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, nayo Mombasa ipo. Ile barua ilimchekesha. Kifungu cha 41 chataka uelezwe kosa na usikilizwe, mwenzako wa kazini akiwepo. Mimi nilikuta kadi ya getini imezimwa, askari ananionea haya!

Fidia haizidi mishahara ya miezi 12. Barua ya madai imeondoka Jumatatu. Bosi kapiga simu jana usiku, sikuishika.