Sindano za eksosomu kwa wasiopata watoto: zipigwe marufuku au tuachiwe wenyewe?

MLETA MADA, Nkuhungu: Wakuu, kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya Dodoma: sindano za eksosomu, eti zinaamsha korodani zilizolala. Bei, njoo inboksi. Mimi nasema zipigwe marufuku. Eksosomu zenyewe zipo kweli. Ni vifuko vya nanomita 30 hadi 150 ambavyo seli huvitoa vikiwa na protini na RNA (nakala za maelekezo ya jeni), vikapokelewa na seli nyingine. Mbegu ikitoka korodanini bado haijui kuogelea. Huiva ikipita kwenye epididimisi, mrija uliojikunja nyuma ya korodani, na huko vifuko vya jamii hii huipa protini inazohitaji. Ila mengi ya haya yamechunguzwa kwa panya na fahali. Desemba 2019 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya watu juu ya bidhaa za eksosomu. Haikuwa imeidhinisha hata moja.

MUME WA MTU, Kizota: Wewe una watoto, ndiyo maana unaongea. Mke wangu kashapigwa picha ya mirija, kanywa kila mzizi, na bado mama anamwita tasa mbele ya wageni. Mtu mzima aachwe aamue na hela yake.

MUUGUZI, Makole: Pole shemeji. Na wewe umepima? Siku 2 hadi 7 bila tendo, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja. Kiwango cha chini cha WHO ni mbegu milioni 16 kwa mililita ya shahawa. Mbegu hutengenezwa kwa miezi miwili na ushee, kwa hiyo anayekuahidi mabadiliko ndani ya wiki anakula hela yako. Halafu kwenye hicho kichupa kuna nini? Ikiwa ni testosteroni, homoni ya kiume, utajisikia dume kumbe uzalishaji wa mbegu unazimwa.

MFUGAJI, Mpwapwa: Huku mbuzi zisiposhika mimba tunaanza kukagua beberu. Nashangaa nyie wa mjini.

MUME WA MTU: Sawa, nitapima. Majibu yakija sifuri?

MUUGUZI: Sifuri zipo mbili: njia imeziba, au hazitengenezwi. Ikiwa ni kuziba, mbegu zinaweza kuvutwa kwa sindano, zikarutubisha yai maabara, kisha mimba ikapandikizwa. Na hapo ndipo naziona eksosomu zina maana: watafiti wanachunguza kama RNA ya vifuko vya kwenye shahawa inaweza kutofautisha hizo sifuri mbili bila kukata nyama ya korodani. Ziwe kipimo kwanza.

MLETA MADA: Basi marufuku iwe kwa wauzaji, utafiti uendelee.

MUME WA MTU: Na huko kupandikiza, bima inalipa?