Tupeane uzoefu: kucheza gemu saa nyingi kwenye laptopu bila kuiunguza

#1 (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wanaokaa kwenye gemu saa nne, tano, sita mfululizo wakitumia laptopu, hasa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Pwani yote, ambako chumba kisicho na kiyoyozi kinafika nyuzi 30 na kupita. Laptopu nyingi hazifi kwa sababu gemu ni nzito. Zinakufa kwa sababu joto limekosa pa kutokea, au umeme umerudi vibaya. Naomba kila mmoja aweke anachokijua kwa vipimo.

Naanza na kupima, maana bila namba tutabishana bure. Weka programu ya kusoma joto la mashine, HWiNFO au MSI Afterburner, ucheze nusu saa ndipo usome. Dakika tano za kwanza chuma bado hakijashika moto, kwa hiyo namba zake zinadanganya. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100, AMD nyingi ni 95 hadi 100. Zikigusa hapo zinajipunguzia kasi zenyewe. Kadi nyingi za picha (GPU) za NVIDIA za laptopu huanza kujibana, yaani kupunguza kasi, kwenye 87 hivi. Prosesa ikiwa 80 hadi 88 na kadi 70 na kitu, cheza kwa amani. Ikiganda kwenye 95 na zaidi muda wote, hapo kuna kazi ya kufanya.

Dalili yake ni hii: gemu linakwenda vizuri dakika ishirini, kisha fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) zinaporomoka kutoka 90 hadi 35, zinarudi, zinaporomoka tena. Wengi wanalaumu bando. Intaneti ikiwa mbovu, wachezaji wenzako wanarukaruka lakini ukizungusha kamera picha ni laini. Joto likizidi, hata menyu inakwama.

#2
Mkuu umefungua vizuri. Niongeze la hewa. Laptopu nyingi za gemu zinavuta hewa kwa chini na kuitoa nyuma na pembeni. Ukiiweka kitandani umeziba pua yake. Hata juu ya meza, ule upenyo wa milimita chache unaoachwa na vimguu vya mpira hautoshi. Inua upande wa nyuma sentimita 2 au 3. Vizibo viwili vya chupa vinaanza kazi hiyo leo hii bila gharama, mradi usizibe tundu la feni. Nyuma acha nafasi ya sentimita 15 hadi ukutani, vinginevyo hewa ya moto inagonga ukuta na kuvutwa tena.

Feni ya mezani iwekwe pembeni, ipeperushe joto mbali. Usiielekeze kwenye matundu ya nyuma, maana utakuwa unasukumana na feni za ndani. Na tuelewane: feni haipunguzi joto la chumba. Chumba kikitoka nyuzi 22 kwenda 32, prosesa nayo inapanda karibu kumi zile zile kwa kazi ile ile. Ndiyo maana namba za mtu aliyejaribu laptopu Ulaya wakati wa baridi hazikuhusu.

#3
Kabla ya kununua chochote, punguza fremu. Kioo chako kikiwa cha hezi 60, yaani kinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, fremu ya 61 na kuendelea huioni yote. Unachoma umeme na kuugeuza joto. Funga fremu 60 ndani ya gemu lenyewe au kwenye mipangilio ya NVIDIA. Kioo cha 144, jaribu 90. Katika hatua zote hii ndiyo yenye faida kubwa kwa jasho dogo.

Ya pili: bonyeza Windows na R, andika powercfg.cpl, ingia kwenye mipangilio ya kina ya mpango wa umeme unaoutumia, tafuta "Maximum processor state", toa 100 weka 99. Hiyo inazima ile mbio ya ziada ya prosesa. Joto linashuka sana, na gemu linalotegemea kadi zaidi halitayumba. Gemu linalokula prosesa, kama yale ya kujenga miji, litapungua kasi, kwa hiyo pima kabla na baada.

#4 (fundi)
Wakuu, nizungumzie vumbi, maana hapa ndipo watu wanapoharibu wakidhani wanatengeneza.

Vumbi halikai kwenye matundu unayoyaona nje. Linakaa kati ya feni na yale mapezi membamba ya shaba au alumini. Nyuzi za nguo, nywele na mavumbi ya barabarani vinashikana, vinakuwa kama kipande cha blanketi ya kijivu, unakibandua kwa koleo kikiwa kizima. Feni inazunguka, kelele unaisikia, lakini hewa haipiti. Ukipuliza kutoka nje bila kufungua, unairudisha ile blanketi ndani ya feni.

Utaratibu: zima kabisa, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini kwa bisibisi inayolingana na skrubu, kisha chomoa waya wa betri kwenye bodi kabla ya kugusa kingine. Piga picha kila hatua kwa simu, skrubu hazilingani urefu, na ndefu ikiingia pa fupi inatoboa. Ng'oa ile blanketi kwa mkono au koleo la plastiki, halafu ndipo upulize. Unapopuliza, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Upepo wa blowa unayazungusha kuliko yalivyokusudiwa na beringi inakufa. Kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, fanya kila miezi 4 hadi 6. Ghorofani na tailsi, mara moja kwa mwaka inatosha.

Pesti ya prosesa, ile dawa laini inayopitisha joto kati ya chipu na kipoza joto: ikiwa vumbi limetoka na joto bado ni lile lile, na mashine ina miaka miwili au mitatu, imekauka au imesukumwa pembeni. Skrubu za kipoza joto zina namba. Legeza kwa zamu, kidogo kidogo, kutoka ya mwisho kurudi ya kwanza. Kurudisha, fuata 1, 2, 3, 4. Ukibana upande mmoja hadi mwisho kwanza, chipu inaweza kupasuka pembe. Futa ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kusafishia kidonda ina maji mengi, iache. Ule ushauri wa "punje ya mchele katikati" ni wa kompyuta za mezani ambazo prosesa ina kofia ya chuma. Ya laptopu iko uchi, kwa hiyo paka safu nyembamba ifunike chipu yote hadi pembeni. Pembe isiyofunikwa ndiyo itakayopanda hadi 100.

Vile vipande laini kama ufizi vinavyopitisha joto juu ya memori ya kadi, usivibadilishe bila kujua unene. Cha milimita 1 mahali pa 0.5 kinakiinua kipoza joto chote na prosesa haigusi tena.

#5
Nyongeza kwa fundi: baadhi ya laptopu za bei kubwa zimetoka kiwandani na metali ya maji badala ya pesti. Inang'aa kama zebaki. Ukiikuta, funga urudishe kwa anayeijua. Inapitisha umeme, tone moja likianguka kwenye bodi ni shoti, na inakula alumini.

#6
Umeme sasa. Chaja nyingi zimeandikwa 100 hadi 240 volti, soma kwenye kibandiko chake. Umeme ukiwa mdogo chaja itavumilia, ingawa inachemka zaidi. Hatari ni pale unaporudi baada ya kukatika, volti zinaruka juu. Umeme ukikatika, chomoa chaja pale pale. Usipokuwepo, frijigadi ileile ya friji inafaa, maana inasubiri dakika chache umeme utulie ndipo ipitishe.

Ukigusa mwili wa chuma wa laptopu ukahisi vijisindano, soketi haina ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) au umetumia adapta ya pini mbili. Chaja ina mkondo mdogo sana unaovuja kwenda kwenye mwili wa mashine, na ethi ndiyo njia yake ya kutokea. Ita fundi umeme arekebishe. Ekstensheni nayo, ikiwa plagi inacheza ndani au plastiki imeanza kuwa ya kahawia, itupe.

#7
@mleta mada, vipi kuhusu chaja ya USB-C ya wati 65, inatosha?

#8
Hapana mkuu. Laptopu ya gemu mara nyingi inakuja na chaja ya wati 180 au 230 hivi kwa sababu inazitumia. Ukiweka 65, mashine inajibana au inakopa kwenye betri, unashangaa chaji inashuka na waya umechomekwa.

Kuhusu betri: kinachoizeesha haraka ni kukaa 100 huku ikiwa na joto. Kampuni nyingi zina programu yao ya kufunga chaji kwenye 60 au 80. Kwa anayecheza akiwa amechomeka muda wote, weka hapo. Tachipadi ikianza kuinuka, kubofya kukawa kugumu, au kifuniko cha chini kikaacha upenyo, betri imevimba. Zima, usichaji tena, usiitoboe wala kuikandamiza irudi. Peleka kwa fundi ikiwa juu ya kitu kisichoungua.

#9
Na mwili jamani. Usiiweke mapajani, joto la kila siku linaacha ngozi na madoa ya kahawia kama wavu. Ongeza kibodi na mausi za nje ili uinue kioo usawa wa macho. Kila saa simama, tembea dakika tano, miguu isikae imekunjwa. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 mbele kwa sekunde 20.

#10 (mleta mada)
Asanteni wakuu, nimeyaandika yote. Moja limebaki: mkimaliza kucheza, mnazima mara moja?

#11 (fundi)
Toka kwenye gemu, iache kwenye deski dakika tatu hadi tano feni zitoe joto lililobaki, ndipo uzime. Uizime kabisa. Ukiifunika tu na kuitia begini, Windows inaweza kuamka humo ndani na ikajipika hadi betri iishe.