USHAURI: Mtoto kaniuliza "tukifukia jaruba tutakula nini", nimjibu nini?

Wakuu habari za jioni. Mi ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi huku Mbarali. Juzi niko na la sita tunasoma magonjwa yanayoenezwa na mbu, nikaandika ubaoni vilevile tulivyofundishwa sisi, fukia madimbwi, fyeka nyasi, lala kwenye neti, wanaitikia vizuri tu. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, mwalimu, dimbwi kubwa kuliko yote ni jaruba la mpunga la baba, tukilifukia tutakula nini? Darasa zima kimya. Nikamwambia nitakujibu kesho na mpaka leo sijamjibu, maana mpunga ndo daftari ndo sare ndo kila kitu, na malaria nayo inawatoa darasani kila masika. Nisaidieni.

Bwanashamba Usangu
Mwalimu huyo mtoto kauliza la maana kweli. Yai la mbu mpaka aruke ni kama wiki moja hadi mbili, na muda wote huo anataka maji. Kwenye kilimo shadidi, yaani kulima mpunga kwa maji kidogo, unamwagilia, unaacha jaruba likauke mpaka udongo uanze kupasuka kidogo, ndo unarudisha maji, sasa viluwiluwi vikikaukiwa kabla havijakomaa vinakufa. Na maji unayookoa hapo ni ya Ruaha Mkuu, mto ambao toka miaka ya 1990 unakatika kiangazi mpaka viboko wanabanana kwenye matope. Wafundishe vyote kwa pamoja.

Mama Ubaruku
Sawa ila msiwaambie watoto ni rahisi. Sisi wa mwisho wa mfereji ukiyaachia maji leo hujui zamu yako itarudi lini, ndo maana mtu anayang'ang'ania. Fundisha na zamu za maji mwanangu, la sivyo mtoto atarudi nyumbani kumlaumu baba yake.

Kijana wa Igawa
Si mumwage oili chafu tu? Zamani tulikuwa tunafanya.

Mama Ubaruku
Mwanangu hapana, inaua perege, na perege ndo wanaokula hivyo viluwiluwi.

Ticha Kyela
Ticha mwenzangu chota maji ya jarubani kwa bakuli jeupe, wainame waangalie wenyewe. Kiluwiluwi cha anofelesi, wa malaria, kinalala bapa juu ya maji, cha kuleksi, mbu wa aina nyingine, kinaning'inia kichwa chini mkia juu. Wangu walivyoona hivyo hakuna aliyetaka kutoka mapumziko. Mkimaliza mwaga kwenye mchanga mkavu. Na edesi wa dengue usimsahau, huyo anataka tairi, vifuu na makopo, na anauma mchana kwa hiyo neti ya usiku haimzuii.

Mwalimu (mleta uzi)
Asanteni sana, Mungu awabariki. Mama nimekuelewa, zamu za maji naziweka. Leo jioni nimepita kwa baba wa yule binti kumuomba atupokee shambani, kakubali, kasema tufike kabla ya saa tatu, maana saa tatu zamu yake inaanza na anafungulia maji.